Vitanda vya Likizo

Mji wetu una siri moja, na siri yenyewe kila mtu anaijua isipokuwa wanafunzi: chuo kikifunga, sisi wenyeji tunahamia vyumbani mwao.

Usinikodolee macho. Ungekuwa unaishi hapa nawe ungehama. Nyumba zote zinazozunguka chuo zilijengwa na watu waliotaka kulala ndani yake. Halafu chuo kikapanuka. Jiji lipo karibu, ukipanda basi asubuhi unafika kabla chai haijatulia tumboni, lakini si karibu kiasi cha mwanafunzi kutoka kwao kila siku na kuwahi kipindi cha kwanza. Basi wakawa wanatafuta vyumba, na kila mwenye nyumba akawaza wazo lilelile: mwanafunzi analipa, mtoto halipi. Tukawapa vyumba. Wenyewe tukajibana sebuleni, jikoni, stoo, na namjua fundi viatu mmoja aliyelala chini ya ngazi mpaka akawa anatembea ameinama hata barabarani.

Chuo kikifunga mambo yanageuka. Wanafunzi wakishaburuta masanduku yao hadi kituoni, mji unanyamaza. Kinyozi anakaa kwenye kiti cha wateja, anajinyoa mwenyewe. Mbwa wanalala katikati ya barabara. Ndipo funguo za akiba zinapotolewa, na watu wazima na heshima zao wanaingia kwa kunyata katika nyumba walizojenga wao, wanakwenda kulala kitandani. Unalala chini ya picha ya mchezaji mpira usiyemjua hata jina. Unajipulizia manukato ya mtu, kidogo tu, asishtuke. Siku za kufungua zikikaribia, mtaa mzima unafua mashuka, na mgeni akipita atadhani tumepagawa na usafi. Kila kitu kinarudishwa kilipokuwa. Kisha tunasimama getini, meno yote nje: "Karibuni wanangu, nyumba ilipooza bila nyinyi!"

Aliyewahi kukamatwa ni mmoja, Mzee wa Kona. Mwanafunzi wake alirudi ghafla kufuata kitu alichosahau, akamkuta mzee kitandani, amevaa fulana ya chuo, anakoroma. Picha ilienea kwenye simu za wanafunzi wote kabla mzee hajapata viatu vyake. Nyumba ile ilikaa tupu mwaka mzima. Hakuna mwanafunzi aliyetaka hata kuegemea ukuta wake. Mwishowe mzee aliuza, akaenda kuishi kwa mkwewe, na maisha ya kwa mkwe hayahitaji kusimuliwa. Tangu hapo, ukimtaja Mzee wa Kona mbele ya mwenye nyumba yeyote, anatazama mlango.

Mama yangu humtaja kila mara.

Baba alikuwa dereva wa basi la chuo. Alijenga nyumba yetu kidogo kidogo, akafa alipomaliza kupiga rangi. Mama aliweka namba kwenye milango kabla rangi haijakauka vizuri. Vyumba viwili vya nyuma vikaenda, na chumba cha mbele, kilichokuwa changu nilipokuwa msichana, chenye dirisha la barabarani na meza ya kusomea aliyoichonga baba mwenyewe, nacho kikaenda. Mimi nilikuwa nimeolewa jijini, sikujali. Baadaye mume wangu akapata mke mwingine, nami nikapata akili, nikarudi kwetu na binti yangu na godoro moja. Sebuleni tukagawana: kitanda cha mama upande wa dirisha, pazia katikati, na sisi upande wa televisheni. Ile televisheni ni ya wapangaji wote. Kukiwa na mpira, vijana wa nyuma wanakuja kukaa kwenye godoro letu, wanaruka ruka, na mama anawaletea maji: "Kunyweni wanangu."

Wanangu. Neno hilo nilikuwa nalisikia mpaka masikio yanawasha. Kila aliyelipa kodi alikuwa mwanawe, na wadogo zaidi aliwaita wajukuu zake. Aliyekuwa akipendwa kuliko wote alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, msichana aliyesomea sheria, hata kwao wakimwita Wakili. Wakili akisema "Maaama" kwa kuvuta, mama anayeyuka. Wakili akipiga chafya, mama anachemsha tangawizi. Mimi nikipiga chafya naambiwa nifunge mdomo, kuna wanaosoma.

Lakini nimtendee mama haki, binti yangu alimpenda kweli. Alimwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. "Mke mwenzangu, jana nani kamaliza sukari? Mume wetu kafa, unataka kuniua na mimi?" Na mtoto anajibu, "Wewe umeshakula ujana wako, niachie sukari." Wanacheka hadi wanashikana. Katika nyumba ile yenye namba milangoni, vicheko vya wale wawili ndivyo vilivyonifanya nisipakie tena godoro langu.

Mwaka huo binti yangu alikuwa anaingia darasa la mtihani wa mwisho wa sekondari. Alikuwa na akili, na sisemi kwa kuwa ni wangu, walimu ndio waliosema. Alichokosa ni mahali pa kukaa. Sebuleni hapasomeki. Maktaba ya chuo, ambayo paa lake tunaliona kutoka uani, ina mlinzi mwenye swali moja tu maishani mwake: "Kitambulisho?" Basi alikuwa anakuja kusomea nilikofanya kazi, duka la kuchapa na kudurufu karibu na geti la chuo, akiwa amebanwa kati ya mashine na ukuta. Karatasi zilizoharibika wakati wa kuchapa tasnifu za watu alizigeuza upande wa pili akafanyia hesabu. Mashine zinatoa joto, wanafunzi wanagombana foleni, na yeye ameziba masikio kwa vidole. Siku moja nilimkuta amelala juu ya daftari, alama za wino shavuni. Nilimwamsha kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa yake.

Nikamwendea mama. Nilimwambia wazi: huyu mtoto akifeli, atafeli kwa kukosa meza. Mama akaweka mkono kifuani. "Wakili anamaliza mwaka huu. Akitoka tu, chumba cha mbele ni chenu. Mke mwenzangu asome mpaka wino uishe duniani."

Alisema hivyo mama yangu, kwa mdomo wake, mchana kweupe, na mtoto akisikia.

Wakili akamaliza mitihani, akaondoka na masanduku. Aliacha blanketi na boksi la vitabu, akasema atatuma mtu avichukue, maana kodi alikuwa ameilipa hadi mwisho wa mwezi. Vijana wa nyuma nao walimaliza mwaka huohuo, wakaenda zao. Mlango wa mbele ukafunguliwa, tukaingia, na safari hii hatukunyata. Binti yangu alifuta meza ya babu yake kwa kitambaa chenye maji, akaikausha, akaifuta tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa mji wetu anayelifanya wakati wa likizo: alibandika kitu ukutani. Ilikuwa ratiba yake ya masomo, imeandikwa kwa rangi. Wanaolala vitanda vya likizo hawaachi hata unywele kwenye mto. Nilipoiona ile ratiba ukutani, nikajua mwanangu ameamini, nami nikaamini.

Sijapata kumwona amefurahi namna ile. Alisoma asubuhi, akasoma mchana, na mama akawa anapita dirishani na kumtania: "Jaji, kesi yangu imefika wapi?"

Siku ile gari lilisimama nje kukiwa bado asubuhi. Mimi nilikuwa barazani natoa nguo kwenye beseni, kwa kuwa wakati wa likizo duka letu hufungua jioni tu. Akashuka mama mmoja wa jijini, amependeza, miwani ya jua kichwani, na binti yake nyuma, masikio yamezibwa na vipokea sauti vikubwa kama vya rubani. Mama yangu akatoka uani mbio, mikono imelowa. Nilimwona uso ukimbadilika.

"Hodi hapa! Wewe ndiye mama mwenye nyumba? Tulizungumza kwenye simu. Wakili ni mtoto wa rafiki yangu. Najua tulisema Jumamosi, lakini tulikuwa na safari ya huku leo, nikasema tupitie tuone chumba."

Tulizungumza kwenye simu. Ndivyo nilivyopata habari. Nguo ikaniponyoka ikaanguka kwenye beseni. Mama hakunitazama. Alikuwa anasema, "Karibuni, karibuni sana, ila chumba hakijasafishwa, naomba mkae kidogo hapa kivulini," lakini yule mama alikuwa amekwishaona mlango ulio wazi, akaingia.

Binti yangu alikuwa amekaa mezani, miguu imekunjwa kwenye kiti, blanketi la Wakili mabegani, kalamu mdomoni.

"Oo," akasema yule mama. "Nilidhani chumba kiko tupu. Huyu ni nani? Si hili ni blanketi la Wakili? Mimi ndiye niliyemnunulia."

Nilimtazama mama yangu. Yalikuwapo majibu elfu. Angeweza kusema, mjukuu wangu, alihisi baridi. Angeweza kusema, chumba hiki kimeshapata mtu, samahani kwa usumbufu. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Lakini mama alikuwa anamwona Mzee wa Kona na ile fulana yake, nyumba tupu, milango yenye namba na hakuna anayebisha.

"Huyu?" akasema, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena. "Huyu ni msichana wa kazi. Nimemtuma apanguse meza, kumbe kajikalia! Wasichana wa siku hizi, mama, ukigeuka tu."

Niliruka hadi mlangoni. Nilikuwa tayari kuvunja kila kitu, nyumba, kodi, na jina la ukoo. Lakini mwanangu alinitangulia. Aliinuka, akakunja blanketi pembe kwa pembe, akaliweka kitandani. Akamtazama bibi yake, si kwa hasira, alimtazama kama unavyotazama saa. Kisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama," akamwambia mgeni. "Samahani. Namalizia sasa hivi."

Akachukua tambara akaanza kupangusa meza ya babu yake. Alipofika ukutani akabandua ratiba, akaikunja, akaifutia kioo cha dirisha.

Wakakipenda chumba. Yule mama alisifu dirisha, akaigonga meza kwa vidole, akasema mbao kama hizi siku hizi hazipatikani. Binti yake, ambaye mimi nilishamwita Masikio moyoni, alipiga picha za kona zote, na mwanangu akasogea ili asitokee kwenye picha.

Gari lilipoondoka nilimgeukia mama. Sitarudia yote niliyosema, mengine hayafai. Nilimwambia umemuuza mtoto. Nilimwambia hata Mzee wa Kona aliaibika peke yake, hakumvua nguo mjukuu wake.

"Ulitaka niseme nini?" akajibu. "Kwamba tumelala kwenye blanketi la mtu aliyelipa? Wale wakitoka hapa wanapiga simu mbili tu, tumekwisha."

"Uliahidi chumba!"

"Niliahidi. Na vyumba vya nyuma vitupu, hata mmoja hajaulizia. Tutakula ratiba? Yule akinuna, ana miji yote ya kwenda. Nyinyi mkininunia mtakwenda wapi?"

Hilo ndilo lililoniua. Halikuwa tusi. Lilikuwa kweli tupu, na alilisema kama mtu anayeeleza jua linatokea wapi. Katika mji wetu mtu anayeweza kuondoka ndiye anayekaribishwa. Asiye na pa kwenda anasogezwa.

"Basi akihamia, utamwambia ukweli," nikasema. "Siku ya kwanza."

"Nitamwambia. Nitamfanyia kama utani. Watacheka."

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Usimwambie, bibi," akasema. "Ulivyosema ndivyo iwe." Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwita bibi.

Masikio alipohamia, mwanangu ndiye aliyemfungulia geti, akambebea begi kichwani. Wapangaji wa nyuma nao walikuja baada ya wiki chache, wote wageni, wakapokelewa vivyo hivyo. Kila mara mama akamkimbilia mjukuu wake kumpokonya mizigo, "Acha, acha, nitabeba mimi," naye anajibu kwa sauti ya chini, "Usijali, mama." Mama, hivyo hivyo kama wasichana wa kazi wanavyowaita mabosi wao. Na mimi, niliyemzaa, niliyemlaza kwenye godoro moja nami, mbele ya wapangaji akaniita dada.

Nilimvuta hadi uani. "Mimi namwambia yule msichana leo hii."

"Ukimwambia naondoka," akasema. "Nakuapia, mama, nitalala hata kituoni. Bibi alikuwa na neno moja tu la kusema akachagua lile. Mwache nalo."

Ninamjua. Ukaidi ule kautoa kwa bibi yake, na bibi yake kautoa kwa shetani. Nikanyamaza, nikawa kila siku nanyamaza upya.

Masikio hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya. Alisema naomba na asante. Alimwachia dada wa kazi nusu ya biskuti zake. Alipomwona siku moja na sare ya shule akashangaa, akamuuliza mama, na mama, kwa kuwa uongo ukishazaliwa lazima ulishwe, akasema, "Tunamsomesha, mwanangu. Hana mtu." Jioni ile yule mama wa jijini alipiga simu, sauti ilisikika sebule nzima: "Mungu akuzidishie. Ni wachache wenye moyo kama wako. Wengine wanawatesa tu." Mama aliitikia amina. Aliishika simu ile muda mrefu baada ya kukatwa, halafu akaenda uani, akafua nguo zote za Masikio kwa mikono yake, ili mjukuu wake asizifue. Mjukuu wake akazianua, akazipiga pasi.

Ndivyo mama alivyokuwa akijaribu. Alimwekea nyama kubwa, mtoto anaila jikoni amesimama. Alimwita mezani: "Mke mwenzangu, njoo, chakula kinapoa." "Nitakula baadaye, mama." Alimtania sukari, akajibiwa kwamba sukari ipo kopo la bluu. Nilimwona mama yangu akikonda. Sikumwonea huruma. Au nilimwonea, lakini huruma yangu ilikuwa na foleni ndefu mbele yake.

Na majirani? Majirani wote walijua. Mama wa genge, anayeuza mboga mbele ya geti letu, alimwona mwanangu tangu anavaa nepi kila tulipokuja kutembea. Alimsikia Masikio akimwita dada wa kazi, akaendelea kukata mboga. Wala simlaumu. Anaye mpangaji wake, na anacho kitanda chake cha likizo. Hapa kwetu hakuna anayefungua mlango wa mwenzake, maana na wake una ufunguo wa akiba.

Mwanangu alisomea dukani, kati ya mashine na ukuta, mtihani ukaja ukapita. Alipojaza vyuo alivyotaka, cha hapa hakukiandika. Alichagua cha mbali kabisa, basi lake huondoka alfajiri na kufika kesho yake. Aliniambia mimi tu.

Matokeo yalitoka Jumamosi. Dukani palikuwa patashika, kila mtu anataka kuchapa ya kwake. Nilichapa ya binti yangu, nikayasoma nimesimama, nikayasoma tena, nikamwachia tajiri wangu mashine zinawaka nikakimbia nyumbani na slipa moja imekatika. Nilimkuta anaosha baraza. Nilimpa karatasi tu. Akafuta mikono, akasoma. Aliukamata mkono wangu akaubana mpaka nikasikia mifupa, na wakati huohuo gari la yule mama wa jijini likawa linasimama getini, amekuja kumchukua Masikio kwa mapumziko.

"Asante, dada," akasema mwanangu, kwa sababu ya gari. Akaikunja karatasi, akaichomeka kiunoni, akainama kuendelea kuosha.

Lakini mama alikuwa dirishani. Aliiona karatasi, akauona uso wangu. Alitoka na kanga moja, akaichomoa karatasi kiunoni mwa mtoto, akaisoma akiwa ameisogeza mbali na macho, na hapo nikamsikia mama yangu akipiga vigelegele. Hakuwahi kupiga vigelegele tangu baba afe. Aliruka. Alishuka barazani peku, katika maji ya sabuni, anaipepea ile karatasi.

"Mjukuu wangu! Amefaulu! Amewapita wote! Atasoma hapa hapa chuoni, kwa miguu atakwenda! Mama wa genge, njoo uone! Nyumba hii imetoa msomi!"

"Hongera mama!" akasema yule mgeni, anacheka, anavua miwani. "Hongera sana! Mjukuu yupi huyo? Mbona hujawahi kutuonyesha?"

"Huyu hapa!" Mama akamshika mwanangu mkono, akamwinua, mkono wenyewe unachuruzika maji machafu. "Huyu, huyu! Damu yangu hii. Mtoto wa binti yangu."

Mgeni akamtazama mwanangu, akatazama ndoo, akamtazama mama. Masikio akavua vipokea sauti.

"Si ni msichana wa kazi, huyu?"

"Nilisema tu!" akasema mama. "Siku ile mlinishtukiza, nikasema tu. Mambo ya mdomo. Ni mjukuu wangu, naapa kwa kaburi la mume wangu."

Wote wakamgeukia mwanangu. Aliuchomoa mkono wake taratibu. Alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la getini la mji wetu, sijui alijifunza lini.

"Mama ana upendo sana," akamwambia mgeni. "Kila anayekaa hapa anamwita mjukuu wake. Mimi ni wa kazi tu, mama. Amenisomesha, namshukuru."

Mgeni akacheka, machozi yakimlengalenga. "Ni kweli, hata huyu wangu anamwita mjukuu. Jamani, watu kama hawa wameisha duniani."

"Siyo!" Mama alipiga kelele. "Siyo hivyo! Mama wa genge, mwambie! Umemwona tangu mdogo, mwambie!"

Mama wa genge aliinamisha kichwa, akanyunyizia mboga zake maji.

Ndipo mama akanigeukia mimi. Karatasi ilikuwa imelowa mkononi mwake. "Mwambie wewe," akasema, sauti imekwisha. "Wewe ndiye mama yake. Mwambie mimi ni bibi yake."

Nilifungua mdomo. Na mbele ya Mungu, nilitaka. Nilitaka kupaza sauti mtaa mzima usikie kwamba yule mwenye mikono ya sabuni ni wangu, nimemzaa mimi, na amewapita wote. Nilimtazama mwanangu. Hakunionya, wala hakuniomba. Alikuwa ananingoja tu, aone nitasema nini.

"Mama," nikamwambia mama yangu, "ingia ndani. Jua kali."

Aligeuka. Akaanza kuelekea mlangoni. Masikio alimkimbilia akamshika kiwiko asiteleze, "Pole pole, bibi," akampandisha barazani hadi mlangoni, na mwanangu akavuta ndoo pembeni wapite.